Tunamwimbia Dereva

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi ni wazima. Cherehani yangu imetengenezwa, na binti yako ameng'oka jino la mbele.

Uliniomba nimfundishe kuzungumza na watu, maana kila swali alijibu "ndiyo" au "sijui", basi. Kwa hiyo jioni mimi nikishona, yeye hukata nyuzi. Namuuliza jambo moja, kisha nanyamaza mpaka amalize, hata akikawia. Mwanzoni ilikuwa kama kukamua jiwe. Kidogo kidogo akafunguka.

Jana nikamuuliza, "Kwenye basi la shule huwa mnafanya nini?"

"Tunamwimbia dereva."

"Kumbe anapenda nyimbo?"

"Hapana, Mama Mkubwa. Tukinyamaza anasinzia. Juzi tuligonga ukingo wa daraja. Akatuambia tusimwambie mtu."

Mkasi uliniponyoka. Nilitaka kupiga kelele, lakini niliogopa atajifunga tena, nikamuuliza taratibu kama kuna aliyeumia. Hakuna. Leo asubuhi nimempeleka shule kwa miguu, nikamweleza mwalimu mkuu, naye amemsimamisha dereva kazi. Tulipopita darajani niliona chuma cha ukingo kimepinda kuelekea majini.

Mtoto yuko salama, nakuapia. Ila pale darajani alinishika mkono akaniuliza, "Na wewe ukiogopa, huwa unamwambia nani?"

Ndiyo maana nakuandikia.

Dada yako, ambaye bado anaogopa.