Keza, Mkono Wako Haujamaliza

Mwanangu Keza,

Mama yako amenipigia simu jana asubuhi, nikiwa bado napanga vikwembe vyangu, vitenge vya kuuza, sokoni. Amesema daktari wa kwenu ameutazama mkono wako wa kuume, akamwambia kwamba wewe unakua lakini ile ngozi iliyopandikizwa kiganjani haikui pamoja nawe. Vidole viwili vimeanza kuvutwa tena. Inahitajika oparesheni ndogo, huku kwetu Uvira, kabla havijakunjika kabisa. Amesema pia kwamba umekataa.

Nikamwomba akupe simu. Ukanijibu kwa Kirundi chenu "ego", ndiyo, mara moja na "oya", hapana, mara nyingi, kisha ukamrudishia simu kana kwamba inaunguza. Ndiyo maana naandika. Barua haina mahali pa kubonyeza ili ninyamaze.

Sikuandikii kukubembeleza. Umeishi nyumbani mwangu, unajua kwamba kazi hiyo siiwezi. Nakuandikia kwa sababu mama yako anasema siku hizi hutaki hata kuzungumza juu ya wakati ule, na mimi naona unaukumbuka nusu tu. Nusu nyingine ninayo mimi.

Mara ya kwanza kukuona ilikuwa soko la Gatumba, kwenu Burundi, jua likiwa kali, nawe umevaa sweta nzito. Ulikuwa umeketi juu ya gunia tupu nyuma ya nyanya za mama yako, mkono wa kushoto unachezea kamba, wa kuume umezama ndani ya sweta. Mimi nilikuwa nimevuka mpaka na mzigo wangu wa vikwembe. Nikamwuliza mama yako, kama mtu anayetafuta maneno tu, "Huyu mutoto anasikia baridi?"

"Hapana," akasema. "Anauficha."

Akanieleza hapo hapo, huku akipimia watu nyanya. Ulianguka motoni ulipokuwa ndiyo kwanza unajifunza kutembea. Kidonda kilipopona, kilipona na vidole vyote vimegandana na kiganja. Shuleni uliandika kwa kushoto, na watoto walikuwa wamekupa jina ambalo sitaliandika hapa. Huku kwetu nilikuwa nimemwona mtoto wa jirani, shingo yake iliyoungua ilikuwa imenyooshwa katika hospitali ya kanisa, akawa anageuka kushoto na kulia kama watoto wote. Basi maneno yakanitoka kabla sijayafikiri: "Mulete kwetu. Atakaa na sisi mupaka apone."

Mama yako akanitazama kama mtu anavyomtazama mlevi. "Hunijui," akasema.

"Na weye hunijui. Tuko sawa."

Alikuwa na mapacha wanaonyonya na shamba lisilo na mtu mwingine. Hakuweza kuja kukaa nawe hospitalini, na mimi niliona uso wake ukihesabu jambo hilo kila upande na kutopata njia. Aliniomba namba ya simu. Nilidhani ndiyo mwisho.

Mlipofika mlangoni pangu, wewe na mama yako na mapacha wote wawili, Baba Furaha alikuwa ameinama akitengeneza moteri ya pirogi, mtumbwi wa mtu, mafuta yamemfikia viwikoni. Nilikuwa nimemwambia habari yenu juu juu tu. Akauliza swali moja: "Atalala wapi?"

"Na Furaha."

"Basi Furaha aache kupiga mateke." Akarudia moteri yake. Ndiye mume wangu huyo. Mambo makubwa yeye huyamaliza kwa maneno machache, kisha anaudhika siku nzima juu ya spana iliyopotea.

Ulikaa ukutani. Ulikula maharage, ndagala, vile visamaki vya ziwani, ukazisukuma pembeni ya sahani, zote zikiwa zinakutazama kwa macho yao. Sisi wakubwa tulikuwa tunajifanya hatuuoni ule mkono. Tulikusalimu kwa kichwa, tukakupa vitu kwa kukuwekea chini, adabu nyingi sana. Ni mwanangu Furaha aliyekuja akasimama mbele yako, akauliza, "Mukono yako iko na nini?"

Nilitaka kumfinya. Lakini wewe ukautoa kwenye sweta ukampa. Akaugeuza, akautazama juu na chini kama anayechagua kiazi, akasema, "Iko kama ngumi. Unaweza kupiga batu nayo?"

Ukacheka. Mama yako aligeukia mlango akajifanya anamfunga mtoto mgongoni. Asubuhi yake alivuka kurudi kwenu, na wewe hukumlilia, kwa sababu Furaha alikuwa amekwisha kukuonyesha mahali anapoficha vitu vyake.

Oparesheni yenyewe najua huikumbuki vizuri. Walichukua ngozi pajani mwako wakaiweka kiganjani, vidole wakavinyoosha na kuvishika kwa vyuma vyembamba, wakafunga bandeji kubwa kama mtoto mwingine mdogo. Baba Furaha alikuleta nyumbani kwa pikipiki ya rafiki yake, na nilimwona kwa mbali akija polepole sana, pikipiki zote za Uvira zikimpita na kumpigia honi. Hajawahi kuendesha hivyo hata akinibeba mimi nikiwa na mimba.

Siku zile zile mpaka wa Kavimvira, kati yetu na kwenu, ukafungwa. Hatukuambiwa ni kwa muda gani. Wenye mizigo walirudi nayo, nami niliweka vikwembe vyangu chini ya kitanda. Mama yako alikuwa amepanga kuja siku ya kutoa vyuma. Hakuja. Tuliona milima ya kwenu kutoka ufukweni, karibu hivi, na hatukuwa na njia.

Ndipo ikaanza ile sehemu unayoikumbuka.

Yule mama wa kine, wa mazoezi ya viungo hospitalini, aliniita pembeni baada ya vyuma kutoka. Akaniambia, "Oparesheni ni nusu. Hiyo nusu ingine ni weye. Usipomunyoosha vidole kila siku, hiyo ngozi itajivuta, na vidole vitarudi mule mule vilitoka." Akanishika mkono wangu mwenyewe akanionyesha: paka mafuta, sugua kovu, kisha nyoosha kidole kimoja kimoja mpaka kifike mwisho, halafu kipeleke mbele kidogo zaidi. Ni hicho kidogo zaidi, Keza, kilichokufanya unichukie.

Asubuhi kabla ya masomo na alasiri baada ya kula. Ulilia "Mawe we!" mpaka watu barabarani wakasimama. Jirani yetu, mama wa mikate, alikuja siku moja hadi kwenye uzio, akasema kwa sauti ya kunihukumu, "Mama Furaha, sababu ya nini unamuua mutoto wa batu?"

"Ingia," nikamwambia. "Unishikie hiki kiwiko."

Aliingia. Alishika kiwiko huku anatokwa machozi kuliko wewe. Tangu siku hiyo alikuletea mkate wa moto kila ulipomaliza, na nadhani zile siku ulizolia kwa sauti zaidi ulikuwa unamwita yeye.

Uliniuma. Hapa, chini ya kidole gumba. Ulinitukana pia, kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, ukiamini kwamba sielewi. Mwanangu, mimi nafanya biashara Burundi tangu hujazaliwa. Kirundi nakisikia vizuri. Nilikuacha tu umalize.

Baba Furaha alikuwa akichukua vyombo vyake saa hiyo anakwenda ziwani, hata kama hakuna moteri inayomngoja. Siku moja hakwenda. Alisimama mlangoni akasema, "Leo umuache. Utamunyoosha kesho."

"Nikimuacha leo na kesho, hiyo ngozi ikijifunga, nitamutolea ingine wapi?"

Akaketi chini karibu nawe, yeye na mafuta yake ya moteri, akakupa mkono wake uushike kwa mkono wako wa kushoto. Akasema, "Minya." Ukaminya. Alikunja uso kweli kweli, hakuwa anaigiza.

Halafu ile simu. Mama yako alipiga wakati tuko katikati ya mazoezi, na Furaha akaipokea bila kuniuliza. Mama yako akakusikia unalia. Nilipoichukua, akanirukia. "Unamfanya nini? Muache! Kama mkono utajifunga, ujifunge. Nilimzoea hivyo hivyo." Nikamweleza maneno ya mama wa kine. Hakutaka kusikia. Akaniuliza, "Ni mtoto wangu ama ni wako?"

Keza, sikukasirika. Nilijua kwamba angekuwa yeye upande huu na mimi upande ule, ningesema maneno mabaya kuliko hayo. Nikamjibu, "Ni wako. Ndiyo maana nataka arudi kwako na mukono."

Nikasikia mapacha wanalia nyuma yake. Kisha akakata. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Halafu nikarudi, tukamaliza kidole cha mwisho. Sikukuomba msamaha siku ile, na sikuombi leo. Ningepewa siku zile tena ningefanya vile vile.

Sasa sikiliza jambo usilolijua. Ule mchezo wenu wa kupigana makofi, wewe na Furaha, mnaimba na kugonganisha viganja. Furaha hakuwa na mwenzake mwingine wa kucheza naye, akakulazimisha. Nikiwa jikoni nilikuwa nausikia bila kuutazama: mkono wa kushoto ukitoa sauti safi, wa kuume ukitoa sauti ya kitu kinachoanguka kwenye unga, kwa sababu kiganja hakikuwa kinafunguka chote. Niliusikia hivyo kwa majuma mengi hadi nikauzoea. Alasiri moja nasonga bugali, nikasikia sauti mbili zilizo sawa. Nikadhani nimekosea. Zikaja tena. Nikasimama mlangoni na mwiko mkononi.

Furaha akasema, "Mama, unatuangalia nini? Bugali inaungua."

Iliungua kweli. Tulikula hivyo hivyo, na Baba Furaha akauliza kuna nini, nami nikamwongezea maharage.

Mpaka ulipofunguliwa, mama yako alikuwa kati ya watu wa kwanza kuvuka. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwako, akachukua mkono, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Akaweka kiganja chako juu ya shavu lake, akakaa hivyo. Kisha akageuka akaniambia neno moja: "Nifundishe."

Nikamfundisha, palepale kwenye mkeka. Vidole vyake vilikuwa vinaogopa. Alikuwa anakigusa kidole chako na kukiachia, anakigusa na kukiachia. Ukamtazama, ukamwambia, kwa kile Kiswahili ulichokiokota mdomoni mwa Furaha, "Mama, kaza. Mama Furaha anakazaka kuliko hivi."

Tulicheka wote watatu mpaka mama wa mikate akaja kuona kuna nini. Mimi na mama yako hatukuwahi kuzungumza juu ya ile simu. Haikuhitajika tena.

Ulipoondoka, Furaha aliendelea kulala pembezoni kabisa mwa kitanda, akiacha nafasi yako, hadi nilipomwambia atandaze miguu. Leo ni mrefu kunizidi, anajua kila kitu, na bado anapiga mateke. Baba Furaha ameingia hasara ya kununua redio ambayo haisikiki. Ziwa lilipopanda lilifika hadi kwenye ukuta wa jirani, likarudi. Sisi tuko.

Na wewe sasa si yule mtoto wa kwenye gunia. Safari ile hakuna aliyekuuliza. Wanawake wawili walikutana juu ya nyanya wakaamua. Sasa unakaribia kumaliza shule ya msingi, una mdomo wako na akili yako, na mama yako amefanya vizuri kukuuliza. Lakini nakujua. Unachokiogopa si kisu. Kisu utalala hukioni. Unaogopa asubuhi zinazofuata. Unaogopa mikono yangu.

Haya. Safari hii haitakushika. Utajinyoosha mwenyewe, kidole kimoja kimoja, na utajua mwenyewe mwisho uko wapi na hicho kidogo zaidi kiko wapi. Mimi nitakaa karibu nikichambua sombe, majani ya muhogo, na sitasema neno, isipokuwa nikiona unadanganya. Moyo wangu unaniambia utakuwa mkali kwa mkono wako kuliko nilivyokuwa mimi. Ni wewe uliyemwambia mama yako akaze.

Nimeongea na daktari wa huku. Anakungoja. Hilo nimelifanya bila kukuuliza, unaweza kunikasirikia.

Fikiri vizuri. Kama jibu lako bado ni oya, sitaki kulisikia kwa simu. Panda gari mpaka Gatumba, vuka, uje uketi kwangu, ule, ushibe, kisha uniambie oya ukinitazama machoni. Nitakusikiliza mpaka mwisho na sitakukatiza. Lakini Furaha atakuwepo hapo, mwanangu, na yeye hana huruma kama mimi.

Ni mimi, mama yako wa upande huu wa mto Ruzizi,

Mama Furaha