Wali Bokoboko wa Mlango wa Nyuma

Mafiga, Morogoro
12 Septemba 1976

Mpendwa dada Felista,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mgongo na miguu, pamoja na shemeji, watoto na kabichi zako huko Mgeta. Mimi mdogo wako sijambo, ila kitambi kinanitangulia kila niendako. Najua kile kipande cha shamba kando ya mto bado umenitunzia, ukitumaini nitarudi tangu mke wangu Rosa afariki. Kwa sababu hiyo nina ombi. Nikianza nalo utacheka kabla hujajua limetoka wapi, basi nianze na samaki.

Unamkumbuka Bwana Morita, Mjapani wa mradi wa mpunga niliyekuwa nikimwendesha kwenye Landrova. Jioni moja, ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka juu ya mapaa, aliniuliza ni hoteli gani hapa mjini inayouza vizuri samaki mbichi juu ya tonge la wali, kama kwao. Wewe wajua mama alivyotulea: mgeni haambiwi hakuna. Nikamwambia zipo, tutachagua iliyo nzuri.

Basi tukazunguka. Salehe, mwenye hoteli karibu na stesheni, aliniuliza mgeni wangu ana haraka gani hata asingoje mafuta yapate moto. Kwingine tuliletewa nguru mkavu. Bwana Morita akamgonga mezani kwa heshima, kisha akamrudisha. Kila jioni hivyo hivyo, polepole, naye akinisimulia bahari ya kwao, mpaka nikawa nasikia harufu ya chumvi katikati ya Mafiga, na milima yetu nikaiona kama mawimbi yaliyosimama kupumzika.

Ndipo tukafika kwa Veronika, mjane wa Kinole anayepika kwenye mgahawa wa ushirika wa akina mama. Wengine walicheka, yeye alivuta kigoda akauliza wali wenyewe ukoje. Bwana Morita akasema unashikamana, una siki na sukari kidogo. Veronika akanigeukia akasema huyu mgeni wako anataka bokoboko, na mimi tangu nijue kushika mwiko sijapika bokoboko mbele za watu. Unajua mwenyewe, dada, wali ukishikana mpishi husemwa mpaka kanisani. Alikubali, lakini kwa sharti tuingilie mlango wa nyuma.

Samaki nilimpokea kwenye treni ya asubuhi kutoka Dar. Barafu nadhani iliishia Ruvu. Veronika alimnusa akauliza kama tumeshachimba kaburi la Mjapani. Akambanika kwa moshi, akamkata vipande vyembamba, akaviweka juu ya matonge na tangawizi ya kwao Kinole. Bwana Morita alikula amefumba macho. Alipoyafumbua alisema samaki siye, lakini wali ni wa mama yake.

Tangu hapo tukawa watu wa mlango wa nyuma.

Sasa lile ombi. Bwana Morita alirudi kwao masika yalipokwisha. Mimi bado naenda. Namwambia Veronika nimepita kuulizia kama bokoboko lipo, maana mgeni anaweza kurudi ghafla. Huniuliza Mjapani wako hajambo, nami hujibu hajambo, anakusalimu. Juzi aliniwekea sahani akasema huyo Mjapani aseme anachotaka kabla hajazeeka. Nikasema. Nataka kumwoa, dada.

Hakukataa. Ila shamba la mama yake liko Kinole na halihami. Anayemtaka atapanda naye huko, kama ilivyo desturi yetu, mume kumfuata mke kwenye ardhi ya mama yake. Tena hatapokea posa isiyotoka mkononi mwako, kwa kuwa mama hayupo na wewe ndiwe mama. Kwa hiyo nakuomba kile kipande umpe mwanao Petro, nami uniachilie niende. Umjomba wangu kwa wanao sitauacha. Nitautimiza hata nikiwa Kinole.

Ukikubali, shuka kabla vuli haijaharibu njia. Nilimwomba Veronika siku hiyo akupikie wali uliochambuka, kwa heshima yako. Amekataa. Anasema dada atakula alichokula mdogo wake, ila yeye ataingilia mlango wa mbele.

Nisalimie shemeji, na uwabusu watoto kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, ninayengoja,

Kasimiri