Nyoka wa chini ya mtungi

Lukre, kaka Mayala ameua yule nyoka wa mama. Ameua!

Yule mdogo wa chini ya mtungi wa maji, hana sumu wala nini, mwembamba kama kamba ya kiatu. Alikuja wiki tuliyomzika baba, na kwetu nyoka akija baada ya msiba hafukuzwi, ni mgeni. Kila asubuhi mama anammwagia unga kidogo, anamwamkia, "Mwangaluka, Baba Mayala."

Kaka angejuaje? Hajakanyaga hapa nyumbani Sola tangu matanga. Leo kashuka kwenye pikipiki kutoka Bariadi, kaenda kuchota maji ya kunywa, mara jembe, paa! Kamleta kamning'iniza kwenye mpini: "Mama, nimekuokoa!"

Nimekuokoa. Tena anacheka, Lukre!

Mama kakaa chini, unga bado uko mkononi. Nilipomweleza, kaka akaanza kubembeleza: "Mama, si nyoka tu? Siyo baba yule."

"Najua ni nyoka, mwanangu. Baba yako nilimzika kwa macho yangu. Ila asubuhi nilikuwa na wa kumwamkia."

Na mimi nakaa hapo Binza tu, karibu na mama, Lukre. Hata simu simpigii.