Ndoo Nyeupe ya Bi Kuruthumu

Jumamosi, 3 Agosti

Nimefika Kasulu. Mgongo unauma, vumbi mpaka kwenye meno. Kondakta wa basi alimkataa mbwa wangu — eti basi si zizi. Ikabidi nidandie fuso la mahindi kutoka Kibondo, mimi mbele na dereva, Gunzi nyuma juu ya magunia, kafungwa kamba. Kila kizuizi alibweka kama yeye ndiye mwenye mzigo. Pale Makere askari mmoja aliuliza kama huyo naye ana kitambulisho.

Baba alitaka nimwache. Nikamwambia utasahau kumlisha. Uongo. Niliogopa tu kuja mji wa watu peke yangu. Sasa mzee kabaki na kuku wanne na redio, mlinzi nimembeba mimi. Nikimfikiria naona aibu.

Nyumba tatu zilinikataa kwa sababu ya Gunzi. Ya nne, hapa Murubona, ni ya Bi Kuruthumu. Mjane, mzaliwa wa Ujiji, magoti mabovu, sauti kubwa. Alimtazama Gunzi kwa muda mrefu. Gunzi akajilaza chali, miguu juu, mjinga kabisa. Bi akasema yeye hachukii kiumbe wa Mungu, ila sharti ni moja: mbwa asivuke mfereji unaokata ua katikati, asiguse vyombo vyake, na hasa ile ndoo nyeupe ya udhu iliyo juu ya jiwe. Nikaapa. Niliapa haraka mno, maana giza lilikuwa linakaribia na sikuwa na pa kulala.

Jumatatu, 5 Agosti

Siku ya kwanza ya kazi ya ushonaji dukani kwa Mansuri. Vitenge ukuta mzima, cherehani tatu barazani. Nimezoea ya miguu. Hii ya umeme inakimbia kama imeibiwa. Nimeshona mkono wa gauni ndani nje. Mansuri aliguna tu. Bora angesema.

Narudi nakuta Gunzi kakusanya kandambili zote za upande wetu wa ua, kazipanga kitandani kwangu. Tunu, msusi wa chumba cha pili, kaja kuchukua zake. Kasema, "Shoga, mbwa wako kafungua duka kabla yako." Nimecheka mpaka machozi. Mara ya kwanza tangu nije.

Ijumaa, 9 Agosti

Asubuhi baridi ya kuuma. Bi Kuruthumu kamrushia Gunzi vichwa vya samaki, migebuka, kuvuka mfereji. Kasema hakumrushia mbwa, alikuwa anatupa taka. Lakini alimwita jina. Kila jioni anauliza kama nimekula, na nikisema ndiyo haamini, analeta sahani. Mtu hajanijua hata wiki!

Jumamosi, 10 Agosti

Kosa langu. Naliandika hapa kwa sababu sitalisema.

Bi alitoka kununua dagaa. Gunzi alikuwa analia kwenye kamba, nikamfungua kidogo tu, acheze. Upepo ukaleta mfuko wa rambo. Akaukimbiza, ukavuka mfereji, naye akavuka. Nikamwita, akadhani ni mchezo. Nilipomfikia alikuwa kaingiza kichwa kwenye ndoo nyeupe hadi masikio, anakunywa kama ng'ombe.

Nilimwaga maji. Nikaosha ndoo kwa Omo, nikasuuza mara mbili, nikajaza upya bombani. Ikang'aa kuliko mwanzo. Bi karudi, adhana ya adhuhuri ikalia, nikamtazama anachota, ananawa. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba mwanangu.

Nimeiosha. Si imekwisha?

Jumatano, 14 Agosti

Bi kaniambia habari za Zuhra, binti yake wa pekee. Ameolewa Ujiji. Mimba mbili ziliharibika, hii ya tatu imefika mwezi wa nane na daktari hapendi anachokiona. Bi kaongeza sala juu ya zile tano. Anasema hana fedha za kumpa, hana magoti ya kwenda kumhudumia, alichonacho ni maji na mswala. Nilikuwa nachambua maharage yake wakati anasema. Sikuinua macho.

Jumatatu, 19 Agosti

Afadhali nisingeuliza.

Tunu ananisuka, Gunzi kalamba kitana chake. Kamfukuza, akakaa akinung'unika: angekuwa kalamba chombo ingekuwa kazi, kwao Waislamu chombo alichokilamba mbwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nikasema siku hizi kuna sabuni. Tunu kacheka. Sabuni ni usafi, shoga, hayo ninayosema ni mambo ya tohara. Nikauliza — nikijifanya nauliza tu — na mtu akitawadha kwenye chombo hicho bila kujua? Kasema udhu hakuna. Na sala? Sala itakuwaje bila udhu?

Kaniuliza kwa nini nimeshtuka. Nikasema umenivuta nywele.

Siku tisa. Mwanamke wa watu anasimama na magoti yale, siku tisa, anamwombea mtoto wake, na mimi nimemharibia kila kitu kwa kopo la Omo. Kwetu ukifanya kosa ndani ya nyumba ya mtu unasema palepale, mnakaripiana, mnakula. Nimeacha likachacha.

Jumanne, 20 Agosti

Leo Bi alikwenda darasa la akina mama baada ya alasiri. Nikapata nafasi.

Nilichimba udongo mwekundu kando ya ukuta. Ya kwanza kwa udongo, nikasugua mpaka kucha zikaingia vumbi. Ya pili maji. Ya tatu. Ya nne Gunzi akakata kamba, akanyakua kitambaa, akaanza kunizunguka nacho. Nimekimbizana naye ua mzima. Niliporudi kwenye ndoo sikukumbuka kama ilikuwa ya nne au ya tano. Nikaendelea kutoka nilikodhani nimefikia. Kwa hiyo ni saba, au ni sita. Tena nilipochimba ule udongo, baadaye nimekumbuka, ndipo anapolala Gunzi mchana.

Na je, Mkristo akiosha, inahesabiwa? Nitamuuliza nani?

Ningeanza upya, lakini lango likalia, Bi anarudi.

Jumatano, 21 Agosti

Wekundu umebaki kwenye ukingo wa ndoo. Bi kauona mapema. Kauliza ua mzima, nani kasugua ndoo yangu? Nikasema mimi, Bi, niliiona ina ukungu.

Alinishika kichwa kwa mikono miwili. Kaniombea kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, mume mwema, riziki, mwisho mwema. Kasema mtoto wa Kikristo kajua thamani ya maji ya udhu kuliko watoto wa Kiislamu wenyewe. Kampigia Zuhra palepale, kamsimulia. Tunu alikuwa mlangoni kwake, kitana mkononi. Alinitazama tu.

Hili ni baya kuliko kutukanwa.

Ijumaa, 23 Agosti

Tunu hajanisemesha siku mbili. Anajua. Au nadhani anajua. Mansuri kasema mikono yangu imetulia, gauni la leo lilikuwa safi. Nimejisikia mwizi hata kwa hilo.

Jumapili, 25 Agosti

Baada ya misa nimeungama. Padri mwanzo alidhani nimeiba ndoo. Alipoelewa, nikasikia kama anazuia kicheko, halafu sauti ikabadilika. Kasema anaweza kuniondolea dhambi ya uongo, lakini mwenye ndoo si yeye. Niende kwa mwenye ndoo.

Nikampigia baba. Nilitaka kumwambia, nikaishia kumuuliza habari za kuku. Kasema, "Kuku wapo. Wezi nao wapo, mbwa umenichukulia." Kwa utani. Nimelia baada ya kukata simu.

Alhamisi, 29 Agosti

Tarehe imetoka. Zuhra atafanyiwa upasuaji Ijumaa ijayo, tarehe sita. Bi haangalii chakula. Leo wakati nampelekea uji kasema jambo ambalo sitalisahau. Kasema, "Restuta mwanangu, nahisi dua zangu zinagonga bati zinarudi. Sijui nimekosea wapi."

Nilikuwa nimeshika bakuli. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Gunzi akabweka nje, nikamfikiria kafukuzwa, mimi na yeye barabarani, nyumba ya tano, ya sita. Nikasema uji utapoa.

Jumamosi, 31 Agosti

Nimesema. Yaani — nimesema nusu.

Nilimkuta anatoka kusali adhuhuri. Nikapiga magoti kabisa, kikwetu, akashtuka, akadhani kuna msiba. Nikasema Bi, nisamehe, Gunzi alikunywa kwenye ndoo yako, nami nikanyamaza. Alikaa chini polepole. Hakupiga kelele, na mwenye sauti kubwa akinyamaza ua wote unasikia. Kisha akauliza swali moja tu. Lini?

Nikaona yote kwa pamoja: dua aliyoniombea akinishika kichwa, simu kwa Zuhra, ule wekundu kwenye ukingo. Nikisema tarehe kumi, atajua nilichokuwa nasugua tarehe ishirini. Atajua alibariki ujanja.

Nikasema, "Juzi, Alhamisi. Asubuhi."

Kashusha pumzi. Kasema alhamdulillahi, siku mbili si nyingi. Kasema wengi wangeficha. Wengi wangeficha! Kampigia Sheikh Isihaka, akaambiwa aoshe ndoo, akoge, abadilishe nguo, alipe zile sala moja moja kwa mpangilio wake. Kahesabu kwa vidole: kuanzia adhuhuri ya Alhamisi hadi adhuhuri ya leo, kumi na moja. Ndoo kaiosha mwenyewe mara saba, kwa sauti, na udongo kaufuata mbali, nyuma ya shule. Nilimshikia kopo. Alipofika saba alinitazama akatabasamu, na akasema Gunzi atabaki, kosa halikuwa la mnyama.

Tunu alikuwa anasikia. Alichukua kiti chake akaingia ndani.

Jumapili, 1 Septemba

Sikwenda misa. Naandika nikiwa nimekaa kizingitini kwa Bi, daftari pajani.

Jana alikuwa amechoka, kalipa mbili tu. Leo anataka kumaliza, ili ampigie Zuhra amwambie mama yako hana deni, ingia chumba cha upasuaji kwa amani. Kwa kuwa anasahau, kaniomba nimhesabie. Kasema hakuna ninayemwamini kuliko wewe kwa jambo hili. Kanipa kisosi chenye punje tisa za maharage. Akitoa salamu, natoa punje moja.

Nimepiga hesabu ya kweli nyuma ya daftari. Tangu adhuhuri ya tarehe kumi. Nimeirudia mara mbili. Sala mia moja na sita.

Anasali kwa kusimama. Nilimwambia Bi, kaa kwenye kiti, Mungu anaona magoti. Kasema deni la uzembe angelilipa amekaa, hili ni la Zuhra. Kila akiinuka anashika mlango, na magoti yanalia, nayasikia kutoka hapa. Gunzi kalala ng'ambo ya mfereji, kidevu juu ya kandambili ya mtu, anatutazama.

Ya tatu ya leo. Ya nne. Ya tano alipotoa salamu aliuliza ngapi sasa. Mkono wangu ulikuwa juu ya kisosi. Nikasema nne, Bi. Sikupanga. Mdomo ulisema wenyewe. Kasema sawa, mwanangu, akainuka.

Naweza kumwambia sasa hivi. Ni maneno machache, mlango uko wazi. Badala yake nimekwenda jikoni kwangu nikarudi na maharage kwenye kiganja. Nimeongeza matatu kwenye kisosi, angalau deni la kweli lipungue bila yeye kujua. Nikaona ni machache, nikaongeza mengine manne. Yanafanana, hata mimi siwezi kusema yake ni yapi.

Ametoa salamu ya tisa. Kanyoosha mguu mmoja, anausugua. Anauliza kama hajafika mwisho, maana anahisi kama amefika.

Nimesema bado, Bi.

Kasema haya. Amenyoosha mkono nimsaidie kuinuka.