Gari Hili, Gari Hii

Jinja, 8 Juni

Baba mpendwa,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo wako umepumzika tangu safari ya Bungoma. Mama naye hajambo? Mimi nina afya, ila mafua kidogo ambayo bweni zima linayo.

Nashukuru ulivyokubali tuandikiane kwa Kiswahili. Najua Mama anakuuliza kila mara tunasema nini. Mwambie ni masomo tu. Mtihani ni Oktoba, na tunaosoma Kiswahili darasani ni sita peke yetu. Jaliah, ambaye kitanda chake kiko juu ya changu, ananiita Afande, kwa sababu hapa kwetu Kiswahili wanakijua kuwa cha wanajeshi. Nikiingia bwenini anapiga saluti na kusema, "Afande amefika, laleni chini wote." Nacheka pamoja nao kwa sababu sijui nifanye nini kingine.

Nimeisahihisha barua yako kwa kalamu nyekundu na kuirudisha ndani ya hii. Usikasirike. Hatusemi "gari hii yangu", tunasema "gari hili langu". Wala si "vitunguu zinaoza", ni "vitunguu vinaoza". Kwingine kote uko sawa.

Baba, kuna jambo linanisumbua. Mwalimu Gorreti wa historia ametufundisha jinsi Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivyovunjika mwaka wa 1977. Nilidhani kitu kikubwa kikivunjika lazima kuwe na kishindo. Alisema hapana, ni karatasi tu. Ile iliyokupitisha mpakani asubuhi, jioni haikupitishi. Redio ya ofisini inasema wakubwa wa Jumuiya ya sasa nao wamegombana kwa sababu ya ushuru, na huenda mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Tafadhali usivuke kwanza. Najua vitunguu unavyombebea Bi Hajara kwa lori ndivyo vinavyotulisha, lakini muulize kama hawezi kuviuza Soroti.

Isiko akija na teksi yake Jumapili, mpe jibu. Nitamsubiri getini.

Mwanao,
Nulu


Mbale, 13 Juni

Mwanangu Nulu,

Wa alaikum salaam. Mama yako mzima, anakusalimu na anasema unywe maji ya tangawizi. Mgongo unanisalimu kila asubuhi, nami nauitikia.

Karatasi yako nyekundu nimeibandika juu ya usukani. Nikiendesha naimba: gari hili, vitunguu hivi, barabara hii. Mbona barabara haitaki kuwa hili? Utanieleza tukionana.

Bi Hajara nimemwuliza. Alisema, "Magidu, Soroti wana vitunguu vyao, na vyangu havijui habari za siasa, vinaoza tu." Kwa hiyo Jumatano nitavuka, mara hii moja, kisha nipumzike. Usiogope. Wiki jana pale mpakani ofisa wa upande wa pili alinisikiliza, akaniuliza, "Mzee, umesoma Mombasa?" Nikamwambia nimesoma kwa binti yangu. Alicheka, akanipitisha kabla ya wenzangu wote.

Siku hizi utaratibu wao umebadilika. Unawaachia kitambulisho, wanakitia ndani ya boksi na vya wengine, wanakupa kikaratasi chenye namba. Ukirudi unachukua chako. Ni kama kuacha viatu mlangoni pa msikiti.

Siku ya wazazi ni tarehe 5 Julai, sijasahau. Nitakuja na mahindi ya kuchoma, na yule Jaliah nitampigia saluti mimi mwenyewe.

Babako,
Magidu


Jinja, 24 Juni

Baba mpendwa,

Assalamu alaikum. Uko wapi? Uko mzima? Mama yuko na nani?

Mpaka umefungwa tangu Jumamosi na sijui kama ulikuwa umesharudi. Simu yako haipatikani. Mwalimu Gorreti amenijaribia mara nne kwa simu yake.

Hapa petroli imekwisha, na chumvi inauzwa kwa kijiko. Jana watu wa mjini waliandamana kutoka sokoni. Sisi tuliona moshi wa matairi tu, halafu tukasikia mabomu ya machozi. Jikoni wanapika ugali wa posho bila chumvi wala maharage, na wasichana wakubwa waligonga sahani hadi mwalimu wa zamu akajifungia ofisini. Mimi nilishika sahani yangu tu, sikuigonga.

Sasa nisikilize, Baba. Wanajeshi wameweka kizuizi kwenye barabara ya Mbale. Wanatafuta Wakenya wawarudishe kwao, kwa sababu inasemekana upande ule nao wanawarudisha wetu. Mjomba wake Jaliah ni Msoga wa Budondo, hapa hapa karibu na Jinja, lakini alifanya kazi Kisumu miaka kumi. Hakuwa na kitambulisho mfukoni, basi wakamsikiliza anavyosema Kiswahili. Alipowajibu vizuri walimweka kwenye lori siku mbili, mpaka mwenyekiti wa kijiji alipokuja kumtoa. Jaliah haniiti Afande tena.

Kwa hiyo nakuomba usahau nilichokufundisha. Wakikusimamisha sema "gari hii yangu". Sema "vitunguu zinaoza". Sema kama ulivyokuwa ukisema zamani. Ulikuwa unasema vizuri.

Mwanao,
Nulu

28 Juni. Isiko hakuja. Barua ninayo chini ya godoro.

1 Julai. Bado ninayo. Nimeomba kwenda kituo cha teksi na nimekataliwa. Hakuna anayetoka nje ya geti.


Mbale, 2 Julai

Mwanangu Nulu,

Salaam nyingi. Kwanza tulia, nimerudi. Mpaka ulipofungwa nilikuwa Bungoma na mzigo. Lori limebaki huko kwenye yadi ya mtu, simu nimeipoteza, na vitunguu usiniulize. Nilitembea hadi Lwakhakha, nikavua viatu, nikavuka mto mchana kweupe na akina mama waliotoka sokoni. Mama yako aliponiona alikaa chini.

Kitambulisho kimebaki kwenye boksi lao. Nilikwenda ofisi ya wilaya kuomba kingine. Walisema mashine haina mtandao, nirudi mwezi ujao.

Nimesikia shule zitafungwa. Sitangoja siku ya wazazi. Bi Hajara amenipa pikapu yake na petroli iliyobaki, nami nakuja Jumamosi tarehe 4. Funga godoro na sanduku lako. Barua hii nampa Isiko, naye anasema atajaribu njia kesho au keshokutwa.

Wanajeshi wasikutie wasiwasi. Wao wanazungumza Kiswahili, na mimi sasa nakijua kuwashinda. Kitambulisho sina, lakini mdomo ninao.

Babako,
Magidu


Mbale, 8 Julai

Baba mpendwa,

Assalamu alaikum. Niko nyumbani. Mama ni mzima wa mwili. Wewe sijui nikuulize hali kwa njia gani, lakini nakuuliza.

Jumamosi shule ilifungwa, nami nilikaa getini juu ya sanduku tangu asubuhi. Isiko akaja bila abiria hata mmoja, akanipa barua yako. Nikaisoma pale pale, na nilipofika kwenye maneno "nakuja Jumamosi" nilifurahi. Isiko alikuwa ameshika kofia yake. Akaniambia, "Nulu, keti kwanza." Nilikuwa nimeshaketi.

Alikuwa nyuma yako kwenye foleni ya kizuizini. Amenieleza yote kwa sababu nilimsihi. Mwanajeshi aliuliza, "Wewe natoka wapi?" Nawe ukasema, "Ninatoka Mbale, afande. Gari hili ni la mwajiri wangu, ninakwenda kumchukua binti yangu shuleni." Akawaita wenzake. "Kuja sikia hii mzee. Sema tena." Ukasema tena, polepole, kama mtu anayesomea darasa. Akasema, "Mganda gani nasema 'gari hili'? Kitambulisho iko wapi?"

Ukawajibu kwa Lumasaba, lugha yetu ya nyumbani. Mmoja wao akasema hata Wabukusu wa Kenya wanasema hivyo hivyo. Isiko alishuka akawaambia anakufahamu miaka ishirini. Wakamwuliza kama anataka kupanda lori pamoja nawe. Akarudi kwenye teksi yake. Hajakula vizuri tangu siku hiyo, usimlaumu.

Barua yangu ya tarehe 24 ilikuwa ndani ya sanduku nililolikalia wakati ule. Naiambatanisha hapa ingawa haifai kitu tena.

Jumatatu nilirudi na Isiko mpaka kizuizini. Nilichukua cheti changu cha kuzaliwa chenye jina lako, na picha ya arusi yenu. Mkubwa wao anaitwa Afande Conrad. Nilipoanza kumweleza, akaniinamia ili anisikie. Aliangalia cheti muda mrefu. Akasema, "Mtoto, mimi nakuamini. Lakini tulisha peleka wao, na upande ile hakuna mtu wa kupigia simu sasa." Akanipa soda. Niliinywa, Baba. Sijui kwa nini niliinywa.

Isiko amempata mama mmoja, Juliet, anayevuka Lwakhakha na maziwa. Anasema waliorudishwa wamewekwa kwenye soko la upande wa pili. Atakutafuta.

Mwanao,
Nulu


Lwakhakha, upande wa pili, 16 Julai

Mwanangu Nulu,

Salaam kwako na kwa Mama. Mimi mzima. Karatasi hii nimepewa na mtoto wa shule, ndiyo maana ina hesabu nyuma.

Hapa tuko kama mia moja chini ya mabati ya soko, tunalindwa usiku na mchana, kwa hiyo mto siwezi kuuvuka kama mara ile. Huku walinisikia siku ya kwanza tu wakajua mimi ni Mganda. Niliomba chai, wakacheka jinsi nilivyoiomba. Boksi la vitambulisho wengine wanasema limepelekwa Nairobi, wengine wanasema limechomwa. Nimekwenda kuuliza mpaka mlinzi ananijua kwa jina.

Usijilaumu. Wangenichukua hata ningesema vibaya. Walikuwa na lori la kujaza. Na kusema kweli, pale kizuizini niliona fahari kidogo.

Sasa kuna jambo nataka unishauri, wewe unayesoma. Jumatatu wanakuja kuandikisha watu. Kila mmoja ataulizwa ni wa wapi, na jibu haligeuzwi. Nikisema Uganda, nitabaki hapa chini ya mabati mpaka Uganda ifungue, na hakuna anayejua ni lini. Nikisema Kenya, nitapewa kibali cha kufanya kazi na nitaweza kuwatumia chochote, lakini wanasema aliyejiandikisha Kenya nyumbani watamfuta kwenye orodha ya raia. Mwulize Mama. Nijibu upesi.

Babako,
Magidu


Mbale, 22 Julai

Baba mpendwa,

Assalamu alaikum. Tumefurahi sana kuona mwandiko wako. Mama aliushika ukurasa kwanza kabla sijamsomea.

Mama Juliet ameileta barua leo, Jumatano. Mto ulijaa, akakaa siku nne ng'ambo ile. Kwa hiyo Jumatatu imeshapita, na wewe umeshajibu.

Tulizungumza hata hivyo, kana kwamba bado. Mama anasema bora uwe umesema Kenya, upate kula na kulala kitandani. Nilimwuliza, "Na wakimfuta?" Akasema, "Mimi siwezi kumfuta." Bi Hajara anasema Uganda, kwa sababu mambo haya hayawezi kudumu. Mwalimu Gorreti nimemwandikia kumwuliza ile Jumuiya ya kwanza ilipovunjika watu walikaa muda gani kabla ya kuvuka tena. Hajanijibu. Labda barua haijafika.

Kama ulisema Uganda, tunakungoja. Kama ulisema Kenya, hatukulaumu. Mama ameniambia niandike hivyo, na nimeandika.

Lakini uliniuliza mimi, Baba. Nimekaa na kalamu tangu adhuhuri, na hata sasa, kama Jumatatu ingekuwa kesho, sijui ningekuambia useme nini.

Mwanao,
Nulu