Uso Nyuma ya Kioo

Ooko, mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Mwaka mzima hujakanyaga hapa nyumbani Dunga! Hata kuku wamekusahau. Mjukuu mwenzako Winny ndiye anaandika, mimi nafoka tu.

Jana tulitazama video yako ya mazishi ya babu yako. Kwenye kile kioo cha jeneza, hema na kofia za wamama zilizoakisiwa juu yake zinaonekana wazi, lakini uso wake chini ni ukungu. Winny akasema, "Dani, kamera yenyewe ndiyo iliyochagua kulenga kioo, si uso."

Yenyewe? Na wewe ulikuwa wapi?

Daktari amepata uvimbe kooni mwangu. Sitaki kungoja nipigwe picha nyuma ya kioo.

Ukija, niketishe mlangoni penye mwanga, uzungushe lenzi kwa mkono wako mpaka mikunjo ya macho yangu ionekane, ndipo uniambie nianze kuongea.

Bibi yako, Dani wako,
Aoko