Kazi ya Chumba cha Pili

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Izigo, kijijini kwa Mama. Likizo yangu bila malipo inaisha mwezi huu. Ama nipate kazi ya mtandaoni, ya kufanyia hapa hapa nyumbani, ama nirudi Dar — na Mama, na moyo wake huu mgonjwa, abaki na nani?

Leo nimepitia matangazo matatu. La kwanza linataka picha ya kitambulisho changu kabla hata ya kuniambia kampuni inaitwaje. Wezi hao! La pili: "fanya kazi popote ulipo." Halafu chini kabisa, kwa viherufi vidogo, uwe mkazi wa Nairobi. Popote gani hiyo? La tatu ni la kujibu ujumbe wa wateja wa hoteli za nje. Mshahara umeandikwa, saa zimeandikwa, tovuti ipo. Nimetafuta kasoro, sijaiona. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua, mtandao hakuna. Shangazi Celina kaja na senene wa kukaanga. Nikamweleza habari za kazi, basi tu, kupoteza muda. Kasema zamani wakipeleleza mji wa mchumba, nyumba na ukoo wake, kabla binti hajaolewa, wenye mji hawakuulizwa, wangejisifu tu. Aliulizwa mwanamke aliyewahi kuolewa pale akarudi kwao.

"Na wewe Kokuberwa, mtafute aliyerudi."

Nami siku zote hizi nasoma wanavyojisifu!

Ijumaa, 15 Novemba

Nimempata! Anaitwa Esther, yuko Moshi, aliacha kazi hiyo mwezi wa sita. Nimemwandikia. Najiona mmbeya kidogo. Hajajibu.

Jumapili, 17 Novemba

Esther kajibu, nimekuta ujumbe nilipotoka misa. Kampuni ni ya kweli. Mshahara hauchelewi. Wasimamizi wana adabu. Nikaruka!

Halafu mwisho wa ujumbe. Miezi sita ya kwanza hakuna ruhusa, hata ya siku moja. Baba yake alipofariki aliomba akazike. Wakamwandikia pole ndefu, nzuri sana, na kumkumbusha kwamba zamu yake inaanza saa nane mchana. Akaenda kuzika. Kazi ikaishia hapo.

Nilikuwa nausoma kwa sauti, mjinga mimi. Mama alikuwa mlangoni.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimemwambia Mama naachana nayo. Kakataa katakata.

"Ukiwa Dar nitakufa naangalia simu. Ukiwa hapo chumba cha pili, nitakusikia unabonyezabonyeza. Omba hiyo kazi, mwana wange."

Nimelia. Nimemkasirikia pia — mtu anapangaje kifo chake kama zamu?

Nimejaza kila kitu. Limebaki swali moja: je, kuna jambo lolote linaloweza kukutoa kazini katika miezi sita ijayo? Ndiyo au hapana. Nimebonyeza hapana, nimefuta. Mara mbili sasa.

Mama yuko jikoni, anamenya ndizi mwenyewe, mara ya kwanza tangu augue. Kila akimaliza moja anaibwaga kwenye sufuria kwa kishindo, makusudi, nisikie kwamba ni mzima. Mwongo huyo! Nampenda sana. Hiyo nyingine. Na nyingine.

Sasa kimya. Labda anapumzika tu. Ngoja nikamwone kwanza —